Mwenyeji wetu wa Nakivale anajibu "mje tu". Tuondoke Juni?

Bwana Yesu asifiwe, na shikamoo.

Mimi ni katibu wa umoja wa vijana katika usharika mmoja hapa Mwanza. Tangu mwaka jana tunajiandaa kwa safari ya umisheni nchini Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kwaya yetu ilikutana na mchungaji Mkongomani anayelea kanisa la wakimbizi huko, tukazoeana naye, akatualika. Tuko 24, na saba kati yetu hawajafika miaka 18. Tumepanga kuondoka tarehe 22 Juni na kukaa siku kumi. Zimebaki wiki 15.

Mpango wetu ni kujenga choo cha shule ya awali ya kanisa lile, kugawa marobota sita ya mitumba, kufanya mkutano wa injili wa jioni tatu, na kupeleka dawa ambazo muumini wetu mwenye duka la dawa ametuahidi. Bajeti ni TSh 18,600,000: usafiri 6,200,000, chakula na malazi 5,400,000, mitumba 2,400,000, vyombo vya muziki na spika za mkutano 1,800,000, choo 1,600,000, na fulana za sare 1,200,000. Mkononi tuna 7,400,000.

Yanayoninyima usingizi ni haya. Kila nikimpigia mchungaji kumuuliza wanahitaji nini, jibu ni lile lile: "Mje tu, karibuni, Mungu atafungua njia." Wenye pasipoti ni watano tu. Mwaka jana vijana wa usharika wa jirani walirudishwa mpakani kwa sababu watoto hawakuwa na barua za wazazi na nusu ya kundi hawakuwa na kadi za homa ya manjano. Wazazi wawili wameshakataa watoto wao wasiende, na mwenyekiti wetu anasema hao wana imani haba, na kwamba tukianza kuhesabu vikwazo hatutaondoka kamwe. Lakini matangazo yote kanisani yanatoka kwa jina langu.

Je, tuahirishe? Na kama tunakwenda, nianzie wapi?

Katibu wa vijana, Mwanza

*

Amina, Katibu. Marahaba.

Umeuliza kuhusu kuahirisha, pasipoti na wazazi, na yote tutayafikia. Lakini kitu kizito kuliko vyote katika barua yako ni yale maneno mawili, "mje tu". Msiyasikie kama ruhusa. Mchungaji wa wakimbizi aliyeualika usharika wa nje hawezi kukwambia "hapana, si choo", wala "hao 24 ni wengi, sina pa kuwalaza". Mgeni anayekuja na zawadi hakataliwi. Ni adabu, na pia ni hofu kwamba akionekana mteuzi urafiki utakatika. Kwa hiyo swali "mnahitaji nini?" halitapata jibu hata ukilirudia mara kumi. Badilisha swali. Mpigie, na ikiwezekana awe pamoja na mzee mmoja wa kanisa lake, mwalimu wa ile shule ya awali na mama mmoja wa kikundi cha wanawake, uwaulize hivi: "Kama tungeweza kutuma shilingi milioni tano bila sisi kuja hata mmoja, mngezifanyia nini?" Kisha nyamaza uwaachie muda. Wakisema choo, mtajua ni choo kweli. Wakisema karo, au mashine ya kushona, au kukodi ekari mbili za kulima mahindi, basi mmeepuka kujenga kitu ambacho hakuna aliyekiomba.

Swali la pili liwe hili: "Tukija, tuwe wangapi ili tusiwe mzigo?" Hapa wasaidie kwa hesabu, kwa sababu wao hawatakutajia. Kiwango cha chini cha maji kinachotumika katika huduma za kibinadamu ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Watu 24 ni lita 360, yaani madumu 18 ya lita 20 kila siku, na kila dumu linatoka kwenye bomba lile lile ambalo mama wa Kikongo amepanga foleni. Chakula ni vivyo hivyo. Tangu 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limepunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda na kuugawa kwa kuangalia nani mhitaji zaidi, kwa sababu fedha za wafadhili zimepungua. Kanisa litakalowapikia wageni 24 kwa siku kumi litajibana vibaya, na hamtaambiwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mgumu kuutangaza kanisani: nendeni 12, wote wenye miaka 18 na kuendelea. Wale saba wasubiri safari ya pili. Si kwamba watoto hawana nafasi katika umisheni. Ni kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kufika pale, hamjui mtalala wapi, na mtu hapeleki mtoto wa mwenzake mahali asipopajua. Musa alituma kwanza watu wa kuipeleleza nchi, nanyi tumeni wawili mwezi Aprili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, kwa siku tatu au nne. Wakutane na mchungaji mjini Mbarara, wafike naye ofisi inayohusika na wakimbizi, waone njia, bei za sokoni, nyumba ya wageni na eneo la choo. Tengeni TSh 600,000 kwa hilo. Mtazipata tena maradufu kwa makosa mtakayoyaepuka.

Sasa kibali, kwa sababu hiki ndicho ambacho vikundi vingi vya makanisa havikijui kabisa. Nakivale si kijiji ambacho mtu anaingia na kwaya yake. Ni makazi ya wakimbizi katika Wilaya ya Isingiro, ya zamani sana, yaliyokuwapo tangu miaka ya mwisho ya 1950, na yanasimamiwa na serikali ya Uganda kupitia idara ya wakimbizi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ndani yake kuna mkuu wa makazi, yaani komandanti, na kundi la wageni linaloingia bila yeye kujua linamweka mwenyeji wenu matatani, si ninyi. Ninyi mtarudi Mwanza. Yeye atabaki akijieleza. Barua ya maombi iandikwe kwa Kiingereza, itoke kwenye kanisa mwenyeji na usharika wenu kwa pamoja, na iwe na majina kamili, namba za pasipoti, tarehe za kuingia na kutoka, mahali mtakapolala, namba ya gari, na orodha ya mtakachofanya kila siku. Mkutano wa hadhara na ujenzi vitajwe waziwazi, maana vyote viwili vinahitaji ruhusa yake. Vipaza sauti mkavifunga bila ruhusa, mkutano utazimwa jioni ya kwanza. Ifikisheni barua hiyo wiki nane kabla ya safari, yaani mwisho wa Aprili, mkononi mwa wale wawili. Na msilale ndani ya makazi mpaka kibali kiseme hivyo. Mbarara ni kama saa moja na nusu hadi mbili kwa gari, barabara ya mwisho ikiwa ya vumbi, kwa hiyo wekeni mafuta ya kwenda na kurudi kila siku kwenye bajeti.

Angalieni pia kwamba tarehe 20 Juni ni Siku ya Wakimbizi Duniani. Wiki hiyo ofisi za makazi hujaa wageni na sherehe, na barua inayofika dakika za mwisho itawekwa pembeni. Kiangazi cha Juni kinawafaa kwa ujenzi, tarehe mmechagua vizuri. Ila msitegemee kusaini chochote wiki ile.

Hati za kusafiria. Kwenye bajeti yenu sikuona hata shilingi ya pasipoti, na hilo pekee lingewarudisha nyuma. Ada ya pasipoti ya kielektroniki ni TSh 150,000, na kwa 19 wasio nayo ilikuwa milioni 2.85 ambayo hamkuipanga. Mkiwa 12, na watano wanazo, wanabaki saba: TSh 1,050,000. Anzeni wiki hii, kwa sababu kinachochelewesha kwa kawaida si Uhamiaji bali majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema "Elizabeth", kitambulisho cha NIDA kinasema "Elizabeti", cheti cha shule kina jina la babu badala ya la baba. Kila kijana alaze vyeti vyake vyote mezani asome herufi kwa herufi. Penye tofauti, kiapo cha majina kwa wakili kabla ya kujaza fomu. Atakayekwama kabisa anaweza kuomba hati ya dharura ya safari, inayokubalika ndani ya Afrika Mashariki, lakini iwe njia ya akiba. Mtanzania halipi viza kuingia Uganda. Hilo limewafanya wengi wadhani hawahitaji hati, na pale mpakani Mutukula utasikia watu wakisema kuna njia za panya na bodaboda atakuvusha kwa elfu kadhaa. Asiyegongewa muhuri wa kuingia hayumo nchini kisheria, na siku akiugua au akisimamishwa na askari kundi zima litakaa kituoni. Wote wapite dirishani.

Mkiulizwa mnakwenda kufanya nini, semeni kweli: kutembelea kanisa, kwa mwaliko huu hapa. Kiongozi awe na bahasha yenye mwaliko, nakala ya kibali cha makazi, na orodha ya majina iliyochapwa, nakala sita. Mtaacha moja karibu kila mezani.

Halafu kuna kadi mbili za njano, na watu huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ya kila msafiri. Nyingine ni kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, nayo ni bima ya gari inayotambuliwa nje ya nchi. Tanzania ilitoka COMESA lakini bado imo katika mpango huo wa bima. Kiongozi anaposema "kadi ya njano ipo" na dereva akadhani inazungumziwa ya kwake, mtagundua mpakani. Dereva aulizwe kwa majina: bima ya COMESA, kadi ya gari, leseni yake, na vibali vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vya gari la kukodi linalovuka mpaka. Kama gari si la kampuni bali la muumini, dereva awe na barua ya mwenye gari.

Chanjo yenyewe haitolewi kila zahanati. Inapatikana kwenye vituo vya afya ya wasafiri, kama vile viwanja vya ndege, bandarini na mipakani. Inaanza kuhesabika siku kumi baada ya sindano, kwa hiyo aliyechomwa Juni 18 kadi yake haijakomaa tarehe 22 hata kama ina muhuri. Tangu 2016 sindano moja inatosha maisha yote. Mwenye kadi ya zamani asilipe tena. Uganda inaitaka mnapoingia, na Tanzania inaitaka mnaporudi, kwa kuwa mnatoka nchi yenye ugonjwa huo. Kuna watu huuza kadi bila sindano. Msiguse. Wale wawili wa Aprili wachomwe siku kumi au zaidi kabla ya kuondoka, na wengine wote katikati ya Mei, ili homa ndogo na maumivu ya mkono yaishe mapema.

Hapa naomba usome polepole. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na wapo wasiofaa kuchomwa: mjamzito kwa kawaida, mwenye mzio mkali wa mayai, na mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, akiwemo anayeishi na VVU ambaye vipimo vyake haviko vizuri. Ukiwapeleka vijana 12 pamoja, mkasimama mstarini, muuguzi akauliza maswali yale kwa sauti, umemvua mtu nguo mbele ya wenzake. Kila mmoja aende kwa wakati wake. Ambaye daktari atasema asichomwe atapewa cheti cha msamaha, nacho atakionyesha mwenyewe mpakani. Kiongozi hahitaji kujua sababu. Anayetumia dawa za kila siku, za aina yoyote, abebe za safari nzima na za wiki mbili zaidi, katika pakiti zake, na nakala ya kadi ya kliniki. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si juu ya gari. Wiki mbili kabla ya kuondoka ulizeni ofisi ya mganga mkuu wa mkoa kama kuna tahadhari ya mlipuko: Kagera imepata Marburg mwaka 2023 na 2025, na Uganda Ebola mwaka 2022 na 2025. Mlipuko ukitangazwa, safari inasogezwa bila mjadala.

Mitumba ifuteni. Marobota sita yakifika Mutukula ni mzigo wa forodha. Ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya, wa bidhaa zisizozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Nguo zilizovaliwa Ulaya hazimo. Na hata zikipita, ndani ya Nakivale kuna wakimbizi wanaoishi kwa kuuza mitumba hiyo hiyo, na mzigo wa bure unawafilisi kwa wiki kadhaa. Dawa pia ziacheni. Kuingiza dawa Uganda kunahitaji idhini ya mamlaka yao ya dawa, na sanduku la dawa mchanganyiko, nyingine zimebakiza miezi miwili, litawatia kwenye kosa la kweli. Bebeni kisanduku cha huduma ya kwanza cha kundi lenu, basi. Muumini yule mwenye duka la dawa mshukuruni sana, mkamwombe thamani yake kwa fedha.

Tuje kwenye choo, ikiwa jibu la lile swali litakuwa choo.

Siku kumi hazitoshi kujenga choo kuanzia shimo, na tatizo liko kwenye zege. Slabu, yaani sakafu ya zege inayofunika shimo, inahitaji kumwagiliwa na kubaki imefunikwa kwa siku saba angalau ndipo ipate nguvu ya kubeba kuta na watu. Vikundi huchimba siku ya kwanza hadi ya nne, wanamwaga zege siku ya sita, siku ya nane wanapandisha kuta kwa sababu gari linaondoka siku ya kumi. Picha ni nzuri. Miezi sita baadaye slabu ina ufa, na chini ya ufa kuna watoto wa miaka minne. Kwa hiyo shimo na slabu vifanywe na mafundi wa pale pale, kwa malipo, wiki tatu kabla hamjafika. Ndani ya Nakivale wapo waashi wa Kikongo na Kirundi wanaotafuta kazi kwa hamu. Ninyi mkifika ni kuta, paa, milango, lipu, rangi na pa kunawia mikono, mkiwa vibarua chini ya fundi wao.

Mwulizeni fundi mambo haya kabla ya kutuma fedha. Shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote, na kitako chake kibaki mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Nakivale iko kando ya ziwa, na upande wa bondeni maji yako karibu. Udongo ukiwa legelege, shimo lijengewe ukuta ndani, la sivyo mvua za Septemba zitalibomoa. Slabu ya matundu mawili, mita 3 kwa 1.5, unene sentimita 8, kwa mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, inakula mifuko miwili na nusu ya kilo 50, nunueni mitatu. Nondo zisisahaulike, na zikae upande wa chini wa slabu, zimeinuliwa kidogo na vijiwe, kwa kuwa chini ndipo zege linapovutika. Matundu ya watoto yawe madogo kuliko ya watu wazima. Bomba la hewa la PVC la milimita 110 lipite paa kwa nusu mita na kichwani lifungwe wavu wa nzi, na ndani ya choo pabaki giza kiasi, ili nzi wafuate mwanga wa bombani wakanaswe huko. Bomba bila wavu ni mapambo.

Fedha za choo zisipite kwenye simu ya mchungaji. Si kumshuku, ni kumlinda, kwa sababu katika jamii yenye uhaba kila mtu atajua zimeingia. Zipite akaunti ya kanisa yenye saini mbili, kwa awamu tatu: ya kwanza kwa shimo, ya pili baada ya kuona picha ya shimo na makadirio ya slabu, ya tatu kwa vifaa vya kuta siku mnapofika.

Bajeti mpya basi inasomeka hivi. Gari dogo la watu 14, TSh 4,200,000. Chakula na malazi kwa nusu ya watu, 2,700,000, na chakula kinunuliwe sokoni Base Camp, kituo cha biashara cha ndani ya makazi, na kipikwe na akina mama wanaolipwa. Choo 2,600,000 mpaka fundi atakapotoa makadirio. Pasipoti 1,050,000. Ziara ya awali 600,000. Jumla ni 11,150,000, ongezeni 1,100,000 za dharura ambazo mhazini hazigusi bila viongozi watatu kukubaliana. Mnatafuta 4,850,000 badala ya 11,200,000. Fulana za sare zimeondoka, spika zimeondoka. Ilinisikitisha kuona fulana zinakaribia bei ya choo.

Kuhusu mwenendo mkiwa pale, sitakuandikia yote, ila matatu yana uzito. Msiwaombe wakimbizi wasimulie vita kama ushuhuda. Mtu akitaka kusema atasema, msikilizeni. Kumsimamisha mbele na kumwambia "tueleze ilikuwaje" ni kumrudisha kule usiku ule, na ninyi hamtakuwepo keshokutwa atakapokosa usingizi. Pili, simu zikae mifukoni. Picha za wakimbizi zinahitaji ruhusa, na wapo waliokimbia watu wanaowatafuta mpaka leo. Uso mmoja kwenye ukurasa wa usharika unatosha kumfichua. Pigeni picha za kuta. Tatu, msifungamanishe kitu na ibada. Nakivale wamo Wasomali Waislamu, Wakatoliki, Wapentekoste na wengine, na watoto wao wote watatumia choo hicho. Na asitokee mwombezi wa kumwambia mgonjwa aache dawa.

Kiswahili kitawafungulia milango, ni lugha ya pamoja ya Wakongomani wengi pale. Kitakuwa na "batu" na "aksanti". Wajulisheni vijana mapema wasicheke wala wasisahihishe. Hicho ndicho Kiswahili cha nyumbani kwao, nao wanakiimba vizuri ajabu.

Njia: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hamngoji kivuko tena. Laleni Bukoba siku ya kwanza. Asubuhi ni kama kilomita 80 hadi Mutukula, 90 hadi Masaka, na 140 hadi Mbarara. Ukivuka kabla ya saa nne asubuhi unafika jua likiwepo. Gari lisitembee usiku. Hospitali ya rufaa ya Mbarara iwe imeandikwa kwenye karatasi ya kila mmoja, pamoja na namba mbili za simu.

Kuahirisha? Weka tarehe ya uamuzi sasa, iwe tarehe 1 Juni, na iandikwe kwenye kumbukumbu za kamati kabla hisia hazijapanda. Siku hiyo, kama kibali cha makazi hakipo mkononi, au pasipoti za wote 12 hazipo, au slabu haijamwagwa, safari inahamia Desemba na fedha za choo zinakwenda hata hivyo. Mwenyekiti akisema hiyo ni imani haba, mwambie kwa upole kwamba choo kitajengwa kwa vyovyote, na kwamba hilo ndilo mlilokuwa mkilichangia.

Wale wazazi wawili wako sahihi, na wameona mapema kuliko kamati. Nenda kwao wewe mwenyewe, usimtume mtu. Waambie watoto hawatakwenda safari hii na sababu zake, uwaonyeshe mpango wa kibali, wa malazi na wa fedha za dharura, waukosoe. Kisha mmoja wao mwombe awe ndiye atakayepokea simu ya kundi kila jioni saa mbili kamili, siku zote kumi, na kuwajulisha wazazi wengine.